Tiketi ya kwenda tu: mambo ya kujua kabla ya kwenda Dubai kutafuta kazi

Swali la kwanza la wengi wanaojiandaa kwenda Dubai ni la tiketi: nikate ya kwenda tu, au ya kwenda na kurudi? Ya kwenda tu ni nafuu, na mtu mwenye fedha za kuungaunga hujiambia kwamba habari za kurudi zitajulikana hukohuko. Lakini tiketi haichaguliwi kwa bei. Inachaguliwa kwa aina ya viza uliyo nayo mkononi, na wengi wanaozuiwa kaunta ya JKIA au Terminal 3 pale Julius Nyerere huzuiwa kwa sababu vitu hivyo viwili havikuoana.

Kama mwajiri ameshakutolea kibali cha kuingia kwa ajili ya ajira, tiketi ya kwenda tu haina tatizo. Unakwenda kuwa mkazi, na kwa kawaida mwajiri huyo ndiye aliyeinunua. Kama una viza ya matembezi ya siku 30 au 60, wewe kwenye mfumo ni mgeni, na mgeni anatazamiwa kuondoka. Tangu Mei 2024 ukaguzi wa wenye viza za matembezi umekazwa: wanatakiwa kuonyesha tiketi ya kurudi, uthibitisho wa mahali watakapolala, na fedha za kujikimu, dirham 3,000 kwa viza ya mwezi mmoja au 5,000 kwa viza ndefu zaidi, taslimu au kwenye kadi.

Mhudumu wa kaunta hakuzuii kwa roho mbaya. Abiria akikataliwa na uhamiaji wa huko, shirika lililombeba ndilo linalobeba jukumu la kumrudisha, na mara nyingi hupigwa faini juu yake. Ndiyo maana anafungua Timatic, yaani hifadhi ya masharti ya safari ambayo mashirika karibu yote huitumia, na kufuata kinachosemwa pale. Ukibishana naye unapoteza muda wako na wa walio nyuma yako kwenye foleni. Nenda ukiwa umechapisha kila karatasi, kwa sababu simu huzimika na mtandao wa uwanjani hukatika.

Kuna wanaouziwa "tiketi ya kuonyesha tu" kwa shilingi elfu chache. Ile si tiketi, ni nafasi iliyoshikiliwa bila kulipiwa, na mfumo huifuta wenyewe baada ya siku moja hadi tatu. Ina namba ya nafasi yenye herufi na tarakimu sita, basi. Tiketi iliyolipiwa ina kitu cha ziada: namba ya tiketi yenye tarakimu 13, na tatu za mwanzo ni za shirika, kwa mfano 176 kwa Emirates, 706 kwa Kenya Airways, 197 kwa Air Tanzania. Mhudumu anatazama hiyo ya pili. Itafute kwenye karatasi yako kabla hujatoka nyumbani. Kama haipo, rudi kwa wakala aliyekuuzia.

Ushauri wangu ni huu: nunua ya kwenda na kurudi yenye ruhusa ya kubadili tarehe, na uweke marejeo siku ya 55 hivi kama viza ni ya siku 60. Ukipata kazi, utasogeza tarehe au utaomba kurudishiwa kodi za uwanja. Usipopata, nauli ya nyumbani ipo tayari na hakuna njaa itakayoila. Ila mabadiliko yafanywe kabla ndege haijaondoka. Abiria asiyetokea bila taarifa anaweza kupoteza thamani yote ya kipande hicho cha safari, hata kama tiketi ilikuwa ya kubadilishika.

Na kwa mwenye digrii: ipo viza mahsusi ya kutafuta kazi, ya siku 60, 90 au 120, isiyohitaji mdhamini. Inatolewa kwa watu wa ngazi tatu za juu za ujuzi kwa mpangilio wa wizara ya kazi ya Emirates (Falme za Kiarabu, nchi ambayo Dubai ni sehemu yake), yaani mameneja, wataalamu na mafundi sanifu, au wahitimu wapya wa vyuo 500 bora duniani. Shahada ni sharti, na kuna amana inayorudishwa ukiondoka. Muuguzi, mhasibu, mhandisi au mwalimu mwenye vyeti vyake aitazame hii kwanza, maana viza ya matembezi inamfanya akimbizane na siku bila sababu.

Hesabu ya siku

Hapa ndipo watu wengi huanguka, wala si kwa uvivu. Siku huhesabiwa tangu unapogongewa muhuri wa kuingia, na siku hiyo yenyewe imo. Viza ya siku 60 si siku 60 za kutafuta kazi, kwa sababu kupata kazi na kupata kibali cha kazi ni mambo mawili yenye muda kati yake.

Mlolongo uko hivi. Unafanya usaili. Kampuni ikikutaka, inakutolea barua ya ofa kupitia mfumo wa wizara ya kazi, MOHRE. Unasaini. Wizara inatoa kibali cha kazi, kisha uhamiaji hutoa kibali cha kuingia kwa ajira, ambacho kwa aliye ndani ya nchi huambatana na kubadilishwa hadhi kutoka mgeni kuwa mwajiriwa. Baadaye unapimwa afya, unachukuliwa alama za vidole kwa ajili ya kitambulisho cha Emirates, na ukazi wako unaingizwa kwenye kitambulisho hicho. Stika ya kwenye pasipoti iliachwa mwaka 2022, kwa hiyo asikutishe mtu kwamba bila stika huna ukazi.

Kuanzia ofa hadi hadhi kubadilishwa, weka wiki mbili mpaka tatu. Maana yake ofa yenye saini inatakiwa iwe mkononi kufikia siku ya 40. Siku ya 40 ikifika huna ofa, amua siku hiyohiyo: ama unalipia nyongeza ya siku 30 wakati fedha bado zipo, ama unathibitisha tarehe ya kurudi. Anayesema ataamua wiki ijayo hujikuta siku ya 61 na faini imeanza kuhesabika, dirham 50 kwa kila siku.

Chagua pia msimu. Julai na Agosti joto hupita nyuzi 40, mabosi wengi huwa likizo, na ajira hulala. Ramadhani saa za kazi hupungua na usaili huahirishwa. Septemba hadi Novemba, kisha Januari hadi Machi, ndiyo miezi ya hoteli, maduka na kampuni za usafi kuongeza watu. Ofisi za serikali hufanya kazi Jumatatu hadi Ijumaa mchana, kwa hiyo Ijumaa alasiri usiitegemee kwa shughuli yoyote ya karatasi.

Kutafuta kazi, kugawa CV na kwenda kwenye usaili ukiwa na viza ya matembezi ni jambo la kila siku. Kinachokatazwa ni kufanya kazi. Saluni, migahawa na kampuni ndogo za usafi zina mtindo wa kumwambia mtu aje kwa "majaribio" ya siku tatu au wiki nzima, halafu anaambiwa hakufaa na halipwi. Hana pa kushtaki, kwa kuwa yeye mwenyewe alikuwa akifanya kazi bila kibali. Tangu marekebisho ya sheria ya Agosti 2024, mwajiri anayemfanyisha kazi mtu asiye na kibali anakabiliwa na faini ya dirham 100,000 hadi milioni 1. Hebu pima: mwenye kampuni halali atakubali kuhatarisha fedha hizo ili uanze kesho? Anayekuharakisha uanze kesho hana mpango wa kukuandikisha.

Fedha, na mahali pa kulala

Dirham imefungwa kwa dola ya Marekani tangu 1997, dola moja kwa dirham 3.6725, kwa hiyo kinachopanda na kushuka ni shilingi yako. Kwa viwango vya karibuni, dirham moja ni kama KSh 35, au karibu TSh 700.

Wengi hulala kwenye kitanda cha kupanga, yaani bedspace: kitanda kimoja, mara nyingi cha ghorofa, katika chumba cha watu wanne, sita au zaidi. Deira, Al Rigga, Naif na Satwa ndiko vilikojaa, na Al Nahda ya upande wa Sharjah ni nafuu kidogo ila foleni ya asubuhi kuingia Dubai itakula saa zako za usaili. Tenga dirham 500 hadi 900 kwa mwezi. Kabla ya kulipa, uliza mambo haya ukiwa umesimama ndani ya chumba: maji, umeme na intaneti vimo? Jiko ni la watu wangapi? Kunguni? Inua godoro utazame mishono na kona za chuma cha kitanda. Madoa meusi madogomadogo kama wino ni dalili yao. Na usilipe miezi miwili kwa mpigo. Mwaka 2025 manispaa ya Dubai ilifanya msako dhidi ya vyumba vilivyogawanywa kwa mbao bila kibali, Al Rigga na Satwa zikiwemo, na wapangaji walijikuta nje kwa taarifa fupi. Aliyekuwa amelipa mbele ndiye aliyeumia zaidi.

Usafiri wa metro na mabasi ni kwa kadi ya nol. Ile ya rangi ya fedha (Silver) ni dirham 25, na 19 kati ya hizo ni salio. Safari ndani ya kanda moja ni dirham 3, kanda mbili ni 5, zaidi ya hapo ni 7.50, na pasi ya kutwa ni 20. Siku unayozunguka ofisi nne kugawa CV, pasi ya kutwa inakuokoa. Pasi ya siku 30 ya kanda zote ni 350.

Ukijumlisha: kitanda 1,400 kwa miezi miwili, chakula cha kujipikia 1,200, usafiri 700, simu na kuchapisha karatasi 300. Hiyo ni 3,600 kabla ya dharura yoyote. Mtu asiye na dirham 5,000 za kwake, yaani si za mkopo wa riba na si za kuuza shamba la familia, kwa maoni yangu hajawa tayari kwenda kwa viza ya matembezi. Afadhali asubiri ofa akiwa nyumbani. Mwenye njaa husaini chochote anachowekewa mbele.

Kuisoma ofa

Mshahara wa mlinzi huko ni kama dirham 2,200 hivi, wa msafishaji 800 hadi 1,200 pamoja na malazi. Lakini jumla hiyo peke yake haikuambii kitu. Tazama mshahara wa msingi, maana huo ndio unaotumika kukokotoa kiinua mgongo na saa za ziada.

Chukua ofa mbili za dirham 2,000. Ya kwanza ina msingi 800 na marupurupu 1,200. Ya pili msingi 1,400 na marupurupu 600. Sheria inampa mfanyakazi aliyetimiza mwaka kiinua mgongo cha siku 21 za mshahara wa msingi kwa kila mwaka katika miaka mitano ya kwanza. Wa kwanza anapata dirham 560 kwa mwaka, wa pili 980. Saa za ziada vivyo hivyo. Ukiwa na msingi wa 1,200, siku ni dirham 40 na saa ni 5. Saa ya ziada ya mchana ina nyongeza ya asilimia 25, kwa hiyo ni 6.25, kati ya saa nne usiku na saa kumi alfajiri nyongeza ni asilimia 50, kwa hiyo 7.50, isipokuwa kwa wanaofanya kazi kwa zamu. Saa za kawaida ni 8 kwa siku na 48 kwa wiki. Ukiambiwa zamu ni ya saa 12, uliza palepale zile nne za juu zimeandikwa wapi kwenye ofa. Zisipoandikwa, usitarajie kuziona kwenye malipo.

Sheria ya kazi iliyoanza kutumika Februari 2022 inamkataza mwajiri kumtoza mfanyakazi gharama za kumwajiri, si moja kwa moja wala kwa mzunguko. Viza, vipimo, kitambulisho: vyote juu yake. Pia inamkataza kushikilia nyaraka rasmi za mfanyakazi, pasipoti ikiwemo. Muda wa majaribio hauzidi miezi sita; ukitaka kuondoka nchini ndani ya muda huo, unatoa notisi ya siku 14, na ukihamia mwajiri mwingine hukohuko ni mwezi mmoja.

Ofa ya kweli inaweza kuhakikiwa. Piga MOHRE, 600590000, au tumia programu yao ya simu ukiwa na namba ya muamala iliyo kwenye ofa. Kampuni iliyo katika maeneo huru ya biashara kama JAFZA au DMCC haipitii MOHRE. Uliza mamlaka ya eneo lenyewe. Barua iliyotumwa kwa WhatsApp, yenye nembo nzuri na ombi la kulipia "bima ya kuingia" kwa M-Pesa, haihitaji hata kuhakikiwa. Na anayekuuzia "viza huru", kwamba mtu fulani atakudhamini kwa karatasi halafu ufanye kazi popote, anakuuzia kesi: unaruhusiwa kumfanyia kazi yule tu aliyekuombea kibali, isipokuwa kama una kibali kingine.

Kinachofanyika ukiwa bado nyumbani

Vyeti vikithibitishwa huku ni nafuu na haraka kuliko kuvirudisha kwa ndugu avizungushe. Kenya hupitia taasisi iliyotoa cheti, KNEC kwa cha sekondari, kisha Wizara ya Mambo ya Nje, kisha ubalozi wa Emirates. Tanzania ni NECTA (baraza la mitihani) au TCU (tume ya vyuo vikuu), halafu Wizara ya Mambo ya Nje na ubalozi. Ukifika huko, wizara yao ya mambo ya nje hugonga muhuri wa mwisho kwa dirham 150 kwa cheti. Msafishaji hahitaji haya. Muuguzi asiyekuwa nayo hawezi kuanza. Cheti cha tabia njema cha polisi chukua, hata kama hujaombwa, hasa ukilenga ulinzi. Kwa mlinzi wa Dubai kuna pia mafunzo na mtihani wa SIRA, mamlaka inayosimamia kazi za ulinzi huko, ambao kampuni ikishakuajiri ndiyo hukupeleka.

Piga picha ya kifua na upime damu kabla hujakata tiketi. Kipimo cha ukazi hutafuta VVU na kifua kikuu, na anayekutwa navyo kwa mara ya kwanza hapewi ukazi. Hata kovu la TB iliyopona huleta maswali. Ni jambo zito, na ni bora mtu alijue akiwa karibu na daktari wake kuliko akiwa na kitanda cha kupanga Deira.

Dereva ajue kwamba leseni zetu hazibadilishwi moja kwa moja; kuna masomo na mitihani ya kulipia. Miraa usibebe hata kijiti kimoja, huko ni dawa ya kulevya. Vidonge vya tramadol na dawa zenye kodeini vinataka cheti cha daktari na idhini ya mamlaka husika ya huko kabla ya safari. Na usikubali mzigo wa mtu mwingine, hata akiwa jirani mnayejuana.

Neno kwa dada zetu wanaokwenda kazi za nyumbani: msiende kwa viza ya matembezi kabisa. Kazi hiyo ina sheria yake, ya mwaka 2022, inayotoa siku moja ya mapumziko kwa wiki, saa 12 za mapumziko kwa siku, nane kati yake mfululizo, na haki ya kukaa na nyaraka zako. Lakini ulinzi huo unashikika ukiwa umeandikishwa. Pitia wakala mwenye leseni: Kenya orodha iko kwa NEA, mamlaka ya taifa ya ajira, Tanzania ulizia TaESA, wakala wa huduma za ajira. Acha nakala ya mkataba nyumbani, na namba ya ubalozi mdogo wa nchi yako ulioko Dubai uiweke mahali pengine mbali na simu, kwa kuwa simu ndiyo huchukuliwa kwanza.

Siku zikikwisha

Aliyezidisha siku asikimbilie kwa mtu wa "kusafisha jina". Faini hutazamwa na kulipwa kwenye mitandao ya uhamiaji yenyewe: GDRFA kwa viza iliyotolewa Dubai, ICP kwa za emirati nyingine. Ilipe siku moja au mbili kabla ya ndege, uchapishe risiti, kisha ufike uwanjani mapema kuliko kawaida. Kama viza ilitolewa kupitia wakala wa utalii, mpigie siku ileile muda unapoelekea kuisha. Wakala huwajibika kwa mgeni wake, na asipokupata hutoa taarifa kwamba umetoroka. Kuifuta taarifa hiyo hugharimu zaidi ya faini ya siku zenyewe, na haifutwi pale dirishani uwanjani usiku ndege ikiwa inasubiri.